Unakwenda Ufaransa na Kiingereza chako? Anza na filamu zao za kifamilia

Mkazi_Monplaisir (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Humu ndani kila mara anaibuka mtu anauliza: nimepata chuo Ufaransa, au mume wangu amehamishiwa huko, Kifaransa sijui, nina Kiingereza changu tu, nitaishi vipi na hawa watu? Anajibiwa kuhusu viza, benki na chumba. Majibu mazuri, ila yanaishia mlangoni. Mtu anafika, anapata chumba, anapata na kibarua, halafu miaka inakatika hajawahi kukaribishwa kula nyumbani kwa Mfaransa. Na siku akikaribishwa anarudi amenuna, anasema wamebishana naye usiku kucha.

Mimi naishi Lyon, nimeoa huku na watoto wanasoma huku. Nina jambo moja tu la kuwaambia. Ukitaka kuijua familia ya Mfaransa, achana na zile filamu Wamarekani wanazotengeneza kuhusu Paris, mnara na mapenzi. Tazama zile ambazo Wafaransa wanajitengenezea wao kwa wao: watu wamekaa mezani, wanakula, wanasemana, wanagombea nyumba ya marehemu mama. Tumezoea kusema hazina stori. Stori ipo, imewekwa mahali ambapo sisi hatujazoea kutazama.

Nianze na mtaa wetu huku Lyon, Monplaisir, kwa sababu sinema yenyewe ilianzia hapa. Tarehe 19 Machi 1895 Louis Lumière alitega mashine yake ya kupiga picha za sinema mbele ya lango la kiwanda cha baba yake, akapiga picha wafanyakazi wakitoka kazini. Mtaa ule leo unaitwa rue du Premier-Film, na sehemu ya banda la kiwanda imehifadhiwa, wakajenga ukumbi wa sinema humohumo, chini ya Institut Lumière, taasisi ya sinema ya hapa. Tarehe 28 Desemba mwaka uleule wakaonyesha filamu kumi kwenye chumba cha chini cha Grand Café, Paris, kiingilio faranga moja. Waliolipa walikuwa 33.

Sasa sikilizeni. Katika zile filamu kumi za kwanza kabisa, moja ni ya familia inakula. Inaitwa Repas de bébé, yaani mlo wa mtoto mchanga. Auguste, kaka mkubwa wa Louis, amekaa nje bustanini na mkewe Marguerite, katikati yao binti yao mdogo Andrée. Baba ndiye anayemlisha mtoto kwa kijiko. Mama yuko na kikombe chake cha kahawa. Mtoto anapewa biskuti, anainyoosha kama anamkaribisha mtu aliye nje ya picha. Upepo unapiga majani nyuma yao. Haifiki dakika moja, basi imeisha. (Kwa wanaopenda habari za ukoo: Auguste na Louis walioa dada wawili wa tumbo moja, Marguerite na Rose.)

Ni zaidi ya miaka 120 sasa na Wafaransa bado wanatengeneza filamu ileile. Meza, watu wa nyumba moja, na kamera haina haraka.

Ngoja nipumue, nitaendelea na habari ya Jumatano na habari ya urithi.

Bahari_Beach

Nipo siti ya mbele. Ila mkuu, mimi nimejaribu. Nilienda Alliance Française pale Dar, wakaonyesha filamu ya saa mbili, watu wanaongea tu kwenye korido. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeoa. Nilitoka sijui nimeangalia nini.

Mkazi_Monplaisir

Mkuu Bahari_Beach, umesema jambo la kweli na wengi wanalisema. Filamu ya Kimarekani inakushika mkono: huyu mbaya, huyu mzuri, hili ndilo tatizo, litamalizwa hivi. Ya Kifaransa inakuachia kazi ufanye mwenyewe. Kitu cha kuangalia ni nani anamkatiza nani anapoongea, nani anatoa vyombo, nani ameinuka akaenda jikoni habari ya baba ilipotajwa. Humo ndimo familia ilimo.

Na mezani kwao ndivyo ilivyo hasa. Kubishana si ugomvi. Mwenye nyumba atakuuliza unaonaje kuhusu mgomo, shule, Rais, na anataka jibu lenye msimamo. Ukikubali kila kitu anadhani hujamsikiliza, au umechoka unataka kuondoka. Mlo wenyewe unakwenda kwa hatua: kianzio, chakula kikubwa, jibini, ndipo kitu kitamu. Jibini haiji mwisho, inatangulia kitamu. Mkate unawekwa juu ya kitambaa cha meza pembeni ya sahani yako, usihangaike kutafuta kisahani chake. Mikono ionekane juu ya meza, usiifiche mapajani kama wanavyofundishwa Waingereza. UNESCO waliuandikisha mlo huu wa Kifaransa kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010, na walichoandikisha ni desturi nzima ya kukaa pamoja na kula kwa mpangilio, hawakuandikisha chakula fulani.

Mwana_Kivu

Nathibitisha. Mimi mtu wa Bukavu, niko Lille mwaka wa sita huu. Kifaransa nimekisoma tangu shule ya msingi, kwa hiyo lugha haikuwa shida kwangu. Lakini lugha na nyumba ni vitu viwili. Kwetu mgeni akila kwa utulivu ni heshima. Hapa baba mkwe wangu alimuuliza mke wangu kando, huyu jamaa yako tumemuudhi? Kwa sababu nilikuwa kimya. Wale ndugu zetu wa Kiingereza wasijione wako nyuma sana, hata sisi wa Kifaransa tunajifunza upya.

Mkazi_Monplaisir

Asante sana kaka Mwana_Kivu, na hilo la baba mkwe kila anayekuja huku alisome mara mbili.

Tuendelee. JUMATANO.

Filamu mpya Ufaransa zinatoka Jumatano. Sababu yake iko kwenye malezi ya watoto. Zamani siku ya watoto kupumzika shule katikati ya wiki ilikuwa Alhamisi, mwaka 1972 ikahamishiwa Jumatano. Hadi leo manispaa nyingi watoto wa shule ya msingi hawasomi Jumatano kabisa, kwingine wanasoma asubuhi tu. Ukipita mbele ya ukumbi wa sinema wa mtaani mchana ule utawakuta bibi na babu wameshika wajukuu mkono. Kumbi nyingi zina kitu wanaita ciné-goûter: filamu fupifupi za watoto wa kuanzia miaka 3, jumla kama dakika 40 hivi, halafu wanapewa kipande cha keki na juisi. Tangu 2014 kumbi nyingi ziliweka tiketi ya mtoto chini ya miaka 14 iwe euro 4. Zingine zimepandisha kidogo, lakini bado mzazi wa kipato cha chini anaweza.

Na shule nazo zimo. Kuna mpango unaitwa École et cinéma, ulianza 1994. Mwalimu anawapeleka darasa zima kwenye ukumbi wa kweli, ndani ya saa za masomo, kila muhula filamu moja. Si katuni mpya tu. Wanaonyeshwa na filamu za zamani zisizo na sauti, za nchi mbalimbali, kisha wanarudi darasani wanazijadili. Mwanangu wa kwanza alitoka kwenye moja akaniuliza kwa nini kamera ilikaa chini usawa wa mtoto. Alikuwa darasa la pili. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya ripoti ya shule.

Pesa inatoka wapi? Kila tiketi inayokatwa Ufaransa, 10.72% inakwenda kwenye mfuko wa CNC, taasisi ya sinema ya serikali iliyoundwa 1946. Filamu iwe ya Mfaransa, iwe ya Mmarekani ya watu wanaoruka na mapanga, kodi ni hiyohiyo. Maana yake anayeingia kuangalia ya Hollywood anachangia ile ya watu wanaoongea kwenye korido. Ndiyo maana wanaweza kuendelea kuzitengeneza hata kama haziuzi sana. Mimi naupenda utaratibu huu waziwazi, na natamani nchi zetu ziuangalie kwa makini.

Kigogo_Mchapakazi

Mleta uzi hapo kwenye 10.72% umenifungua macho. Nilikuwa najiuliza wanapata wapi ubavu wa kushindana.

Mkazi_Monplaisir

Pamoja mkuu. Sasa URITHI, na hapa ndipo nataka mkae vizuri.

Kama utaangalia filamu moja tu ya Kifaransa kabla hujapanda ndege, iwe L'Heure d'été ya Olivier Assayas, ya mwaka 2008. Mama wa familia ametimiza miaka 75. Watoto wake watatu na wajukuu wamekusanyika kwenye nyumba yake ya shamba nje ya Paris. Mmoja anafanya kazi China, mmoja Marekani, mkubwa ndiye aliyebaki Ufaransa. Wajukuu wanakimbia bustanini, watu wazima wanakula nje, wanamzawadia mama simu. Katikati ya sherehe mama anamwita mkubwa pembeni, anaanza kumwonyesha: hiki kitauzwa, hiki kinatakiwa na makumbusho. Yeye hataki kusikia. Anadhani nyumba itabaki ya wote, watakutana kila kiangazi. Mama anafariki, na pale ndugu watatu wanapokaa mezani, mkubwa ndiye wa mwisho kujua kwamba wenzake wanataka kuuza. Hakuna anayepiga kelele. Hakuna mbaya. Wa China ana watoto na anahitaji pesa, wa Marekani anakaribia kuolewa huko, nyumba hawataitumia.

Kuna kitu kidogo nataka mkitazame humo. Mtumishi wa ile nyumba, mama mtu mzima Éloïse, anaambiwa achague kitu cha ukumbusho. Anachukua chombo cha maua, anadhani ni cha kawaida, hataki kuonekana amechukua cha thamani. Kumbe ni katika vile vya thamani. Vyombo vingine vya nyumba ile tunavikuta baadaye makumbusho ya Orsay, Paris, viko ndani ya kioo, watu wanapita tu. Cha Éloïse kinaendelea kuwekwa maua.

Sisi wenye nyumba za familia Tanga, Moshi, Bukoba, hii kesi tunaijua, mtoto aliyebaki na watoto walio nje. Tofauti ni sheria inayowakalia kichwani. Ufaransa mzazi hawezi kumnyima mtoto wake urithi apendavyo. Mtoto akiwa mmoja, nusu ya mali ni yake kwa sheria. Wakiwa wawili, theluthi mbili ni zao. Watatu na kuendelea, robo tatu. Mzazi anaruhusiwa kuamua kuhusu kilichobaki tu. Mambo haya yametokana na Kanuni ya Madai ya Napoléon ya 1804. Na mtu mmoja akitaka kutoka kwenye umiliki wa pamoja, wenzake hawawezi kumzuia milele. Ndiyo sababu meza ya ndugu watatu inakuwa nzito namna ile, kila mmoja ana haki kamili na hakuna wa kumfukuza.

Waingereza na Wamarekani wanaonunua nyumba huku wanajikwaa hapo. Kwao Uingereza mtu anaweza kuandika wosia akampa jirani. Tangu Agosti 2015 kanuni ya Ulaya inamruhusu mgeni anayeishi huku kuchagua sheria ya nchi yake itumike kwenye urithi wake, lakini mwaka 2021 Ufaransa ikaweka kifungu cha kumlinda mtoto aliyenyimwa kabisa. Ukiwa na mali huku nenda mapema kwa notaire, mwanasheria anayeshughulikia mikataba na urithi.

Mama_Joliette

Kaka, uzi wako ni mzuri na nimeusoma wote, ila nina neno. Mimi niko Marseille, majirani zangu ngazi nzima ni Wakomoro, Waaljeria na Wasenegali. Unatuonyesha Wafaransa wa nyumba za shamba na vyombo vya makumbusho. Hao siwajui. Watoto wangu wamezaliwa hapa, ni Wafaransa, na nyumbani kwetu hakuna jibini. Filamu zetu ziko wapi?

Mkazi_Monplaisir

Dada Mama_Joliette, shukrani, na uko sahihi kudai. Zipo, tena ndizo ninazozipenda zaidi.

Tafuta Fatima, ya Philippe Faucon, ilitoka 2015, mwaka uliofuata ikachukua César ya filamu bora, tuzo kubwa kabisa ya sinema ya kwao. Fatima ni mama mhamiaji kutoka Afrika Kaskazini, anafanya usafi, analea mabinti wawili peke yake. Yeye anaongea Kiarabu, wao wanamjibu Kifaransa. Mkubwa ameanza mwaka wa kwanza wa udaktari, na mama anaongeza masaa ya kazi ili amlipie. Mdogo ana miaka 15, anamwonea mama yake aibu kwa kazi anayofanya, na anamwambia usoni. Siku moja mama anaanguka ngazini. Anakaa nyumbani anajiuguza, anaanza kuandika daftarini kwa Kiarabu yale yote ambayo hawezi kuwaambia wanawe kwa Kifaransa. Aliyeigiza, Soria Zeroual, hakuwa mwigizaji, yeye mwenyewe alikuwa mfanya usafi.

Filamu inakaribia kumalizika matokeo ya chuo yanabandikwa. Fatima anakwenda peke yake hadi ubaoni, anatafuta jina la binti yake kwenye karatasi kwa kidole. Mzazi yeyote wa Kiswahili anayelea mtoto ughaibuni, anayeanza kumsikia mwanawe akimjibu kwa lugha nyingine, aitazame hii filamu na mtoto wake wakae kochi moja.

Ya pili ni 35 Rhums ya Claire Denis, 2008. Claire Denis mwenyewe amekulia Afrika. Baba Mweusi, dereva wa treni za Paris, anaishi na binti yake mkubwa ambaye ni wakati wake wa kuondoka, na wote wawili wanaogopa kulisema. Angalia mwanzoni: binti amenunua jiko la umeme la kupikia wali. Baba anarudi kazini, naye ameshika jiko la wali. Binti analificha lake, anapika kwenye la baba, hasemi kitu. Sijawahi kuona mapenzi ya baba na mwana yakionyeshwa vizuri hivyo, na ni wali tu, dada yangu, jibini halimo.

Kwa wadogo, Kirikou et la Sorcière ya 1998. Michel Ocelot aliyeitunga alikuwa mtoto Guinea, muziki ni wa Youssou N'Dour. Waliokuwa watoto Ufaransa miaka ile wanaijua, Weusi kwa Weupe. Kwa Kiingereza ilichelewa kusambaa, wasambazaji waliogopa kwa sababu wanawake wa kijijini wako vifua wazi kama ilivyokuwa kweli. Wafaransa hawakuona tatizo.

Mama_Joliette

Fatima nimeikuta maktaba ya mtaa, nimeazima leo. Nitarudi kusema.

Dala_la_Mbagala

Na ile filamu ya CODA iliyochukua Oscar 2022 si ni ya Mfaransa pia?

Mkazi_Monplaisir

Ndiyo mkuu, chanzo chake ni La Famille Bélier ya 2014. Msichana anasikia, wazazi na mdogo wake ni viziwi. Wamarekani wakaifanya familia ya wavuvi, kwa Wafaransa ni wafugaji, na baba kiziwi anaamua kugombea umeya wa kijiji. Hilo la umeya ni la Kifaransa kabisa. Nchi ina manispaa kama 35,000, kijiji cha watu mia tatu kina meya wake. Hata ndoa, inayotambuliwa na serikali ni ile ya ofisi ya meya. Kanisa au msikiti ni baadaye, kwa hiari yako, na kiongozi wa dini haruhusiwi kuitanguliza. Hata hivyo msishangae kuona wazazi hawana ndoa kabisa. Zaidi ya nusu ya watoto wanaozaliwa Ufaransa wazazi wao hawajaoana, na hakuna anayewasema watoto. Wengi wana PACS, mkataba wa kuishi pamoja unaosajiliwa serikalini, ulioanza 1999.

Binti_Nakuru

Hujambo kaka. Niko Nakuru, nina miaka 23, nimepata familia ya kukaa nayo kama au pair, yaani kijana anayekaa na familia na kusaidia watoto, kuanzia Septemba. Watoto wawili, wa miaka 4 na 8. Mama mtu anaongea Kiingereza, baba kidogo. Wazazi wangu wana wasiwasi. Nifanye nini nisifike kama kipofu?

Mkazi_Monplaisir

Hujambo dada yangu. Kwanza wape wazazi habari za sheria, watulie. Au pair Ufaransa ni wa miaka 18 hadi 30, kuna viza yake, na lazima kuwe na mkataba. Saa za kusaidia kazi zisizidi 25 kwa wiki. Unapewa chumba chako, chakula, muda wa kusoma Kifaransa, na pesa ya mkononi isiyopungua euro 320 kwa mwezi. Familia ikikuambia utashinda na watoto kutwa nzima na kusafisha nyumba yote, hiyo si au pair. Mkataba usome mwenyewe, na baba yako ausome kabla hujasaini.

Siku yako itazunguka saa kumi na nusu jioni, watoto wanapotoka shule. Hapo kuna goûter: mkate na kipande cha chokoleti, tunda, maziwa. Ubebe mkononi, maana watatoka na njaa. Baada ya hapo hakuna kudokoadokoa hadi chakula cha usiku saa moja na nusu au mbili, na mtoto anakula kile wanachokula wakubwa. Mtoto wa miaka 4 atakuwa tayari yuko shule, tangu 2019 ni lazima kuanzia miaka 3. Wakikataa mboga usiwapikie kingine, muulize mama yao kwanza, wengi wana msimamo mkali hapo: onja, ukishindwa acha, lakini onja.

Ukiingia popote, dukani, kwenye basi, kwa daktari, tangulia na bonjour ndipo useme shida yako. Ukianza na Kiingereza moja kwa moja wanafunga uso, na kosa si Kiingereza chako, ni salamu uliyoiruka. Sisi Waswahili hili linatufaa, ndivyo tulivyolelewa.

Jumatano wapeleke wale watoto sinema ya mtaani. Wa miaka 8 atakueleza yote, na utajifunza Kifaransa kwake haraka kuliko darasani. Jioni washa televisheni na maandishi ya Kifaransa chini, yale yaliyowekwa kwa ajili ya viziwi. Maandishi ya Kiingereza yazime, yatakuchelewesha. Televisheni za mtandaoni za Arte na France.tv ni bure ukiwa ndani ya nchi, na maktaba za manispaa zinaazimisha filamu.

Kama familia yako iko Paris, kuna kikundi kinaitwa Lost in Frenchlation, wanaonyesha filamu mpya za Kifaransa zikiwa na maandishi ya Kiingereza, mojawapo ya kumbi zao ni Studio 28 pale Montmartre, ukumbi uliofunguliwa 1928. Kabla ya filamu watu wanakutana na kuzungumza. Kwa miezi ya mwanzo ni msaada mkubwa, usione haya kwenda peke yako.

Familia iko mji gani? Andika hapa au nitumie ujumbe. Lyon, Grenoble na Saint-Étienne nina watu wetu wa kukupokea.

Binti_Nakuru

Asante sana kaka. Ni Villeurbanne.

Mkazi_Monplaisir

Villeurbanne! Hapo ni metro tu mpaka kwetu. Mke wangu anasema Jumapili ya kwanza uje ule chakula cha mchana, na uwaambie wazazi tutawapigia simu kabla hujasafiri.